Mapigo ya kompyuta: historia ya watu walioisukuma prosesa mpaka ikagoma

Najua nimekuwa kimya, mnisamehe, zamu za usiku zimefuatana na joto la huku Durban halimwachi mtu alale mchana. Leo siandiki habari za wodini wala bei ya vyumba. Mdogo wangu wa Morogoro kaniletea swali la kompyuta, na nilipoanza kumjibu nikaona jibu lina historia ndefu tamu, nikasema bora niiweke hapa wote msome.

Swali lake ni hili. Amenunua kompyuta iliyotumika pale Kariakoo, ndani ina prosesa ya Intel Core i7-2600K, ya mwaka 2011. Kiwandani iliandikwa gigahezi 3.4. Yeye kaipandisha hadi 4.8: inawaka, lakini akifungua gemu inaganda. Kaishusha hadi 4.6: gemu linacheza, ila kila baada ya siku mbili tatu programu ya mahesabu inajifunga yenyewe. "Dada, tatizo ni umeme au ni joto?" Ananiuliza mimi kwa sababu tangu chuoni ndiye niliyekuwa nafungua kompyuta za wenzangu kwa bisibisi.

Lingekuwa gemu tu ningemjibu kwa mistari miwili. Lakini kompyuta ile mchana iko kwenye stationery ya shangazi. Ndiyo inayochapa mitihani ya shule mbili, na ndimo lilimo daftari la kikoba cha akina mama ishirini na kitu. Kwa hiyo naomba tuanze mwanzo.

Prosesa ina mapigo kama moyo. Kila pigo moja, kazi ndogo inasogea hatua moja. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Mapigo hayo yanaanzia kwenye kipande kidogo cha kristali kilichobanwa kwenye mazabodi, kinachotikisika kwa kasi isiyobadilika. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia kristali ya megahezi 14.318, ikagawanywa kwa tatu, ikapatikana megahezi 4.77. Kwa nini namba ya ajabu hivyo? Kwa sababu kristali hizo zilikuwa rahisi na zilioana na mfumo wa rangi wa televisheni za Marekani. Prosesa yenyewe, Intel 8088, ilitengenezwa kwa ajili ya megahezi 5. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, kasi iliyoandikwa na kasi inayowezekana havikuwa kitu kimoja.

Mwaka 1984 IBM walitoa PC AT, ya megahezi 6. Kristali yake ilikuwa ya megahezi 12, na ilikaa kwenye tundu, unaichomoa kwa vidole. Watu wakagundua kwamba ukiweka ya 16 unapata megahezi 8, na ukiweka ya 18 unapata 9. Hapo ndipo mchezo wa kuovakloki ulipoanza majumbani na maofisini, yaani kuiendesha prosesa kwa kasi kuliko ile iliyoandikwa na kiwanda. IBM hawakufurahi. Katika BIOS iliyofuata waliweka ukaguzi: kompyuta ikijiona ina kasi iliyozidi, inakataa kuwaka.

Na sisi wakati huo tulikuwa wapi? Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hasara na usumbufu wa mitambo ya mahesabu ya serikali. Marufuku ililegezwa polepole miaka iliyofuata. Mwaka huohuo wa 1974, huko IBM, Robert Dennard na wenzake walichapisha maelezo yaliyokuja kuongoza kiwanda kizima cha chipu kwa miaka thelathini: ukiipunguza transista ukubwa, unaweza pia kupunguza volti zake, na hivyo ukaongeza mapigo bila joto kuzidi kwa kila milimita ya mraba. Wao wanafungua mlango, sisi tunafunga. Sisemi kwa ubaya, waliofunga walikuwa na sababu zao. Lakini ndiyo maana mambo mengi ya hadithi hii yalitufikia yakiwa tayari mitumba.

Sasa tufike miaka ya 1990. Prosesa za wakati huo zilianza kuwa na kasi mbili: kasi ya njia kuu ya mazabodi, na kasi ya ndani, ambayo ni njia kuu mara kizidishio fulani. Njia kuu ya 66 mara 4.5 ni 300. Walanguzi wakaona pesa hapo. Walikuwa wanakwangua maandishi juu ya prosesa, wanaandika kasi kubwa zaidi, wanauza kwa bei ya juu. Mteja anafika nyumbani na mashine inayoganda bila sababu. Hii ni sababu mojawapo iliyowafanya Intel kuanza kukifunga kizidishio. Kufika mwaka 1998 ulikuwa umebaki na njia kuu tu ya kuchezea.

Ndipo ikaja Celeron 300A, Agosti 1998, prosesa ya watu wa kipato cha chini. Ilikuwa imefanyiwa hesabu ya megahezi 300 kwa njia kuu ya 66. Lakini ndani yake ilikuwa chipu ileile ya ukoo wa Pentium II, na kumbukumbu yake ndogo ya ndani, kilobaiti 128, ilikimbia kwa kasi kamili ya prosesa. Ukiweka njia kuu ya 100, ghafla una 450. Celeron 300A ilitoka kwa dola 149. Pentium II ya megahezi 450, iliyotoka wakati huohuo, ilikuwa dola 669. Fikirieni wenyewe! Mazabodi kama Abit BH6 zilikuruhusu kubadilisha haya yote kwenye BIOS bila kugusa bisibisi.

Hapa pana somo ambalo mdogo wangu alisikilize vizuri. Wengi waliogopa kuruka hadi 100, wakajaribu 83 kwanza, wakidhani ndogo ni salama zaidi. Kumbe 83 ilikuwa hatari kuliko 100! Sababu ni hii: njia ya PCI, inayobeba kadi na diski, inatakiwa kuwa kwenye megahezi 33. Inapatikana kwa kugawanya njia kuu. 66 kwa mbili ni 33, sawa. 100 kwa tatu ni 33, sawa. Lakini 83 kwa mbili ni 41.5, na hapo diski zilianza kuandika takataka. Prosesa ilikuwa nzima kabisa. Aliyeumwa alikuwa jirani yake. Sisi manesi tunalijua hili, mgonjwa analalamika bega kumbe nyongo ndiyo inayouma.

Upande wa AMD nao walikuwa na vituko vyao. Mwaka 2000 prosesa za Duron na Athlon zilikuwa na vijidaraja vidogo vya umeme juu ya uso wake, vilivyokatwa kiwandani ili kufunga kizidishio. Watu wakagundua kwamba ukichora juu yake kwa penseli ya kawaida, risasi ya penseli inapitisha umeme na kizidishio kinafunguka. Penseli ya mtoto wa darasa la pili!

Mwaka huohuo ndio kisa ninachokipenda kuliko vyote. AMD na Intel walikuwa wanashindana nani atafika gigahezi moja kwanza. AMD walifika tarehe 6 Machi 2000, Intel siku mbili baadaye. Intel, kwa kutaka kurudi mbele, tarehe 31 Julai wakatoa Pentium III ya gigahezi 1.13. Thomas Pabst, Mjerumani aliyesomea udaktari wa binadamu na aliyekuwa ameanzisha tovuti ya Tom's Hardware mwaka 1996, akaipima ikamgomea. Alipojaribu kuijenga kernel ya Linux kutoka kwenye msimbo wake, kazi ilikatika kila mara. Wengi wangesema labda ni yeye. Kyle Bennett wa HardOCP akapima ya kwake, naye akakuta matatizo. Intel wakachunguza, na tarehe 28 Agosti 2000 wakaziita zirudishwe zote. Kasi hiyo ilirudi mwaka 2001 kwa chipu mpya za nanomita 130.

Tafakarini hapo kidogo. Hakuna mtumiaji aliyeovakloki chochote. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimesukuma chipu mpaka ukingoni, kikaandika namba juu yake, kikauza. Na aliyegundua hakugundua kwa kuangalia kama inawaka. Iliwaka vizuri sana. Aligundua kwa kuipa kazi ndefu, nzito, ambayo kosa moja dogo linaonekana.

Baada ya hapo ikaja Pentium 4, Novemba 2000, iliyojengwa kwa ajili ya mapigo mengi. Intel walikuwa wanazungumzia kufika gigahezi 10. Ila zile hesabu za Dennard zilikuwa zimefika mwisho: transista zikawa ndogo kiasi kwamba umeme unavuja hata zikiwa zimepumzika, na volti hazikuweza kupunguzwa tena kama zamani. Pentium 4 ya mwaka 2004, iliyoitwa Prescott, ilikuwa jiko. Mwezi Mei 2004 Intel wakafuta iliyokuwa inafuata, na Oktoba wakafuta hata ile ya gigahezi 4 waliyoiahidi. Mkuu wa kampuni wakati huo, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani mbele ya mkutano, kwa utani, kuomba radhi. Kuanzia 2005 wote wakageukia njia nyingine: badala ya moyo mmoja kwenda mbio, weka mioyo miwili, minne, minane.

Kwa nini joto linapanda haraka hivyo? Hesabu yake ni fupi. Umeme unaotumika unakwenda na kasi, na unakwenda na volti zikizidishwa kwa zenyewe. Ukiongeza kasi asilimia 10 na ili itulie ukalazimika kuongeza volti asilimia 10, una 1.1 mara 1.1 mara 1.1, yaani 1.33. Umepata kasi asilimia 10, umelipa joto asilimia 33. Ndiyo maana wanaovunja rekodi wanamwaga naitrojeni ya kimiminika juu ya prosesa, ileile ya nyuzi 196 chini ya sifuri ambayo hospitali tunaitumia kuchomea sugu za ngozi. Mwaka 2011 AMD FX ilifikishwa gigahezi 8.429 ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwaka 2023 Core i9-14900KF ilivuka gigahezi 9 kwa heliamu. Lakini rekodi kama hizo hukaa muda mfupi tu, wa kupiga picha. Hakuna anayechapa mtihani wa darasa la saba juu ya heliamu.

Huku Afrika Kusini kuna vijana waliougeuza mchezo huu kwa njia iliyonifurahisha. Kituo cha taifa cha kompyuta kubwa, CHPC, kilichoko Cape Town, hupeleka timu ya wanafunzi kwenye mashindano ya Ujerumani ya kujenga kompyuta kubwa ndogo. Walishinda 2013, 2014 na 2016, wakiwa wanapambana na vyuo vya China, Marekani na Ulaya. Sharti kubwa la mashindano yale lilikuwa kwamba mashine yote isitumie zaidi ya kilowati 3. Hapo swali halikuwa "nani ana kasi zaidi", lilikuwa "kila wati unaitumiaje". Mtu anayeelewa kikomo chake anamshinda anayekipigia kelele.

Haya, turudi Morogoro. Swali lilikuwa umeme au joto. Mdogo wangu, fanya kama tunavyofanya wodini: kwanza chukua vipimo, kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike.

Kwanza kabisa nakili daftari la kikoba kwenye flashi mbili, moja abaki nayo shangazi. Halafu rudisha BIOS kwenye kasi ya kiwanda. Ikikataa kuwaka siku moja kwa sababu umepitiliza, chomoa waya wa umeme, toa kijibetri cha mviringo kwenye mazabodi kwa dakika chache, itasahau yote. Ukiwa kwenye kasi ya kiwanda, acha Memtest86 ipime RAM usiku mzima. Ikionyesha kosa hata moja, huenda tatizo lako halikuwa kasi ya prosesa tangu mwanzo, na 4.6 ilikuwa inasingiziwa. Mashine ya zaidi ya miaka kumi inaweza pia kuwa na pawa saplai iliyochoka.

RAM ikipita, endesha Prime95. Programu hii ilitokana na mradi wa George Woltman wa mwaka 1996 wa kutafuta namba tasa kubwa kabisa. Ina kipimo cha kuitesa prosesa kwa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Prosesa ikikosea inakwambia hapohapo. Wakati inaenda, angalia joto. Likikimbilia nyuzi 90 na kitu, jibu ni joto: safisha vumbi, badilisha dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, hakikisha feni inazunguka. Joto likiwa dogo, tuseme 65, na bado inakosea, basi volti hazitoshi kwa kasi hiyo. Unaweza kuongeza kidogo, ila kumbuka ile 1.33.

Na ufanye kipimo saa nane mchana mlango wa duka ukiwa wazi, usikifanye alfajiri. Kipozeo cha feni hakiwezi kushusha joto chini ya hewa inayokivuta. Wazungu wanaoandika kwamba ya kwao imetulia kwenye 4.8 wako kwenye chumba cha nyuzi 20. Dukani kwa shangazi ni 32. Nyuzi 12 zile zinahamia zote kwenye prosesa. Huku Durban ni hivyohivyo, Januari hewa ni moto na maji matupu.

Tena chipu mbili zenye jina moja si mapacha. Kiwanda huzipima na kuacha nafasi ya usalama, kwa sababu kinajua zitazeeka, zitakutana na joto na umeme mbovu. Anayeovakloki anaitumia nafasi hiyo. Ya mwenzako ikifika 4.8 haina maana ya kwako itafika.

Kuhusu kuzeeka, kisa cha karibuni zaidi kiko wazi. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilianza kuganda na kukosea kwa watu ambao hawakuwa wamegusa chochote. Mwaka 2024 Intel walieleza kwamba zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi, na volti zile zilikuwa zinaichakaza chipu. Walitoa maikrokodi mpya Agosti 2024 wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini marekebisho hayo yalizuia madhara mapya tu, prosesa iliyokwisha kuumia haikupona. Miaka 24 baada ya ile Pentium III, kosa la ukoo uleule: tamaa ya namba ya juu.

Sasa maoni yangu, kama dada mkubwa. Kompyuta inayoganda haitishi, unaizima unaiwasha. Inayotisha ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikikosea kimyakimya. Programu ya mahesabu inayojifunga kila baada ya siku mbili inakupa onyo. Siku haikujifunga, je, kila namba ilikuwa sahihi? Mama mmoja akikuta hisa zake zimepungua elfu hamsini, hatasema "labda ni volti". Atamtazama mweka hazina, na mweka hazina ni shangazi yetu. Vikoba vinavunjika kwa mambo madogo kuliko hayo, na urafiki wa miaka ishirini unavunjika navyo.

Kwa hiyo kompyuta ya dukani ibaki 3.4, na inapohitaji itapanda yenyewe hadi 3.8 kama kiwanda kilivyopanga. Ukiona ni nzito, pesa ya kipozeo kikubwa nunulia diski ya SSD na RAM ya kuongezea. Kwa kazi za stationery utaona tofauti kuliko gigahezi moja ya ziada. Na kama hamu ya kusukuma bado iko, na najua iko kwa sababu damu ni moja :-), tafuta mashine mbovu yako mwenyewe ya kufanyia majaribio.

Nisalimieni shangazi, mwambieni flashi yake aiweke mbali na unga wa ugali. Wakubwa nawaombea afya. Wiki ijayo panapo majaliwa nitaandika juu ya soko la Warwick na bibi anayeniuzia dawa za mitishamba akijua kabisa mimi ni nesi. Kwaherini kwa leo, naingia zamu saa moja jioni.